Tope la Mto Naili Lilitoka Wapi?

Leo jembe tunaliegemeza ukutani kidogo, tuzungumze historia. Lakini hatuendi mbali na shamba, maana historia yenyewe ni ya udongo, na wahusika wake wakubwa ni wakulima.

Yeyote anayelima bondeni, iwe Rufiji, Kilombero, Tana au kandokando ya Kagera, anajua kwamba udongo wake si mwenyeji wa pale. Uliletwa na maji. Mafuriko yakija yanaleta tope jipya, yakiondoka yanaliacha, na mpunga au mahindi yanastawi juu yake. Swali ambalo kwa kawaida hatuliulizi ni hili: udongo huo kabla haujafika kwangu, ulikuwa wa nani? Kila karai la tope lililotua bondeni limepungua mahali fulani mlimani.

Kwa miaka mingi swali hilo lilijibiwa kwa kukisia. Siku hizi linajibiwa kwa kupima. Wataalamu huchukua tope la kale, lililolala chini ya ardhi kwa miaka elfu tano au elfu kumi, wakalipeleka maabara, na wakaweza kusema kwa uhakika wa kutosha lilitoka upande gani. Kazi hiyo imefanywa sana katika bonde la Mto Naili, na sisi wa Afrika Mashariki tunahusika, kwa sababu mguu mmoja wa mto huo unaanzia kwetu.

Tuanze na Misri. Misri ni nchi ya ajabu kwa mkulima. Mji wa Cairo haupati hata milimita 30 za mvua kwa mwaka mzima. Dodoma, ambako sote tunakuita kukame, hupata karibu milimita 570. Hata hivyo Wamisri walilima ngano, shayiri, maharage na kitani kwa maelfu ya miaka, wakajenga dola na mapiramidi, na wakauza nafaka ng'ambo. Siri yao ilikuwa mafuriko. Maji ya Naili yalianza kupanda kati ya mwezi wa sita na wa saba, yakafika kilele mwezi wa tisa, kisha yakashuka. Wakulima walikuwa wamekwisha kata majaruba makubwa kwa kuinua kingo za udongo. Waliyaingiza maji humo, wakayaacha yatulie kwa wiki kadhaa hadi tope litue chini, kisha wakayafungulia yarudi mtoni. Mbegu ilipandwa katika tope bichi. Hapakuwa na mbolea ya kiwandani wala haja yake. Nchi yao waliiita Kemet, yaani nchi nyeusi, kwa sababu ya rangi ya tope hilo.

Sasa, tope jeusi katikati ya jangwa la mchanga mwekundu! Mtu mwenye macho lazima aulize limetokea wapi. Mwandishi wa Kigiriki, Herodotus, aliyeitembelea Misri karibu miaka 450 kabla ya Kristo, aliandika kwamba udongo wa Misri ni mweusi na wa kupasukapasuka kwa kuwa ni tope lililoletwa na mto kutoka Ethiopia. Wagiriki wa wakati ule wakisema Ethiopia walimaanisha nchi zote za watu weusi kusini mwa Misri, kwa hiyo jibu lake lilikuwa pana mno. Lakini hakukosea mwelekeo. Ilichukua zaidi ya miaka 2,000 kumpatia ushahidi.

Katikati hapo watu wengi walichanganya mambo mawili: chanzo cha maji na chanzo cha udongo. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alifika pwani ya ziwa letu upande wa Mwanza, akiongozwa na habari za wenyeji na za wafanyabiashara wa Tabora waliolijua ziwa hilo tangu zamani. Mwaka 1862 akafika mahali ambapo maji yanatoka ziwani, huko Uganda. Ulaya wakapiga makofi: chanzo cha Naili kimepatikana! Ni kweli kwa maji. Lakini mtu akisimama pale Jinja akatazama maji yanayotoka, hatayaona kuwa ni maji ya tope. Ziwa ni kama pipa la kutulizia maji. Mto Kagera na wenzake hutiririsha udongo wa Rwanda, Burundi, Karagwe na Bukoba mpaka ziwani, na huko udongo unazama. Kinachotoka upande wa pili ni maji tu, kwa kusema hivyo. Kidogo kinachochotwa njiani baada ya hapo nacho hukutana na kinamasi kikubwa cha Sudd, huko Sudan Kusini, ambako mto unatambaa katika mafunjo kwa mamia ya kilomita. Karibu nusu ya maji hupotea humo kwa jua, na tope hushikwa na mizizi ya mafunjo.

Mguu wa pili wa mto ni Naili ya Buluu, itokayo upande wa Ziwa Tana katika nyanda za juu za Ethiopia. Mskoti James Bruce alifika kwenye chemchemi zake mwaka 1770. Pembeni yake, upande wa kaskazini, uko mto wa tatu uitwao Atbara, ambao wakati wa kiangazi hubaki madimbwi tu, lakini mvua zikinyesha Ethiopia unakuja kwa ghadhabu. Mito hii miwili haina ziwa wala kinamasi kikubwa cha kuituliza njiani. Inashuka kwenye mabonde yenye kina kirefu, ikichimba kingo zake.

Ukisimama Khartoum, Naili Nyeupe na Naili ya Buluu zinapokutana, utaona kwa macho kwamba hazifanani rangi. Kwa hiyo watu walianza kushuku mapema kwamba tope ni la Ethiopia. Lakini kushuku mafuriko ya mwaka huu ni jambo moja. Je, tope lililo chini, la enzi za mafarao, nalo lilitoka huko huko? Na kwa kiasi kile kile? Mto unaweza kubadili tabia.

Mtu wa kwanza kuchimba kwa mpango maalumu alikuwa Leonard Horner, mtaalamu wa mawe wa Uingereza. Kati ya mwaka 1851 na 1854 alipanga mashimo yachimbwe karibu na magofu ya Heliopolis na Memphis, na kazi yenyewe shambani ilisimamiwa na mhandisi Hekekyan Bey, Mwarmenia aliyekuwa katika utumishi wa Misri. Palikuwa na sanamu kubwa ya Farao Ramses wa Pili pale Memphis, iliyofunikwa nusu na tope. Horner alipima tope lililokuwa limepanda juu ya msingi wake, akagawa kwa miaka, akapata karibu sentimita 9 kwa kila miaka 100. Hesabu yake ilibishaniwa sana, na kwa haki, maana tope halitui sawasawa kila mahali. Lakini wazo la kusoma tope kama daftari lilianzia kwenye mashimo kama yale.

Hatua iliyofuata ilifanywa na Mmisri mwenyewe. Mwaka 1950, Shukri wa Cairo alichapisha uchunguzi wake wa punje za madini zilizomo katika tope na mchanga wa Naili. Njia yake mtaielewa upesi, hasa wakulima wa mpunga. Mnapochagua mbegu, mnaziweka katika maji ya chumvi: mapepe yanaelea, mbegu nzito zinazama. Wachunguzi wa mchanga nao hutumia kimiminika kizito. Punje za kawaida huelea, na punje nzito huzama. Hizo nzito ndizo huwekwa chini ya hadubini na kuhesabiwa. Shukri aliona kwamba Mto Atbara umejaa punje za augaiti, madini yanayotoka katika mawe ya volkano. Naili ya Buluu nayo ina honiblendi kwa wingi. Naili Nyeupe ina punje nyingine kabisa, kama silimanaiti, zitokazo katika mawe ya zamani sana yaliyopikwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi. Basi mito mitatu ilikuwa na alama tatu, kama ng'ombe wenye chapa.

Tatizo ni kwamba chapa hiyo inaonekana katika mchanga tu. Udongo laini wa mfinyanzi, ambao ndio unaolisha mimea, una punje ndogo mno kwa hadubini ile. Tena baadhi ya madini huoza yakikaa ardhini muda mrefu, hasa augaiti. Ukizikosa leo, hujui kama hazikuja au kama zilikuja zikaoza. Ndipo kemia ilipoingia, na hapa naomba tuvumiliane kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Karibu kila jiwe na kila udongo una chembe kidogo za madini yanayoitwa strontiamu. Ni ndugu wa karibu wa kalisi, ile iliyomo katika chokaa na katika mifupa yetu. Strontiamu ina aina kadhaa ambazo tabia zao ni moja; tofauti yao ni uzito. Tunazozihitaji leo ni mbili: ya 86 na ya 87. Ya 86 haiongezeki wala haipungui. Ya 87 inaongezeka polepole, kwa sababu madini mengine, rubidiamu, yana aina moja inayogeuka yenyewe kuwa strontiamu ya 87. Nikisema polepole ninamaanisha polepole kweli: rubidiamu hiyo huchukua karibu miaka bilioni 49 kupungua ikabaki nusu.

Sasa fikirini mawe ya aina mbili. Milima ya Ethiopia imejengwa kwa uji wa volkano uliotoka chini sana ardhini, sehemu kubwa karibu miaka milioni 30 iliyopita. Kwa mawe huo ni utoto. Tena mawe hayo yalikuwa na rubidiamu kidogo tangu mwanzo. Kwa hiyo strontiamu ya 87 haijapata nafasi ya kuongezeka. Mawe ya upande wa Naili Nyeupe, Uganda na jirani zake, ni granaiti na wenzake, mengine yana zaidi ya miaka bilioni mbili, nayo yana rubidiamu nyingi. Humo ya 87 imerundikana. Ukipima udongo wa Ethiopia, kwa kila chembe 1,000 za aina ya 86 utakuta kama 704 hadi 706 za aina ya 87. Ukipima tope la Naili Nyeupe utakuta 710 na kuendelea. Vumbi la jangwa la Sahara hupanda hata juu zaidi.

Mtaniambia tofauti ya chembe sita katika elfu ni kitu gani! Ni kweli, kwa jicho na kwa mkono ni bure. Lakini ipo mashine inayorusha chembe hizo mbele ya sumaku kubwa. Zilizo nyepesi zinapinda sana, zilizo nzito zinapinda kidogo, na kila aina inaanguka mahali pake na kuhesabiwa. Ni kupepeta, ila ungo wake ni sumaku. Mashine hiyo huona hata tofauti ya chembe moja katika elfu hamsini. Kwake sita katika elfu ni mlima.

Na uzuri wa alama hii ni kwamba haifutiki kirahisi. Jiwe likisagwa kuwa mchanga, mchanga ukawa mfinyanzi, mfinyanzi ukasafiri kilomita 3,000, uwiano ule wa 86 na 87 unabaki karibu ule ule. Hata kama augaiti yenyewe imeoza, mfinyanzi uliotokana nayo bado unabeba sehemu ya siri yake.

Kazi si rahisi hata hivyo. Tope la karibu na bahari lina vipande vya makombe, na makombe yana strontiamu ya baharini, ambayo ingeharibu hesabu. Kwa hiyo sampuli kwanza huoshwa kwa asidi hafifu, ya jamii ya siki, ili makombe yayeyuke na udongo ubaki. Tena udongo mmoja unaweza kuwa na strontiamu nyingi kuliko mwingine, na huo hujitokeza zaidi katika mchanganyiko. Ni kama pilipili na chumvi: ukitia vijiko sawa mchuzini, pilipili ndiyo itakayopiga kelele. Ndiyo maana watafiti wengi hupima na madini ya pili, neodimiamu, ili ushahidi wa shahidi mmoja uthibitishwe na mwingine.

Mwaka 2011 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya namna hiyo kwa mchanga na tope walilokusanya Uganda, Ethiopia na Sudan. Jibu lilikuwa wazi: zaidi ya sehemu 90 katika 100 ya mzigo wa Naili ni ya Naili ya Buluu na Atbara. Naili Nyeupe inatoa sehemu chache tu. Kwa maneno mengine, Mto Naili una mama wawili. Ziwa letu linampa maji mwaka mzima, hata kiangazi, na bila hayo mto ungedhoofika sana miezi ya ukame. Lakini udongo, ule uliojenga Kemet, ni wa Ethiopia.

Sasa tuingie katika tope la kale lenyewe. Tangu miaka ya 1980, wataalamu wakiongozwa na Daniel Jean Stanley wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani walitoboa visima vingi katika delta ya Misri, wakitoa vigogo vyembamba vya udongo vyenye urefu wa makumi ya mita. Kigogo kimoja, kutoka upande wa Ziwa Manzala kaskazini mashariki mwa delta, kilipimwa strontiamu tabaka kwa tabaka na Michael Krom wa Chuo Kikuu cha Leeds pamoja na wenzake, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kilikuwa na habari za miaka 7,000.

Ungetegemea nini? Mkulima yeyote atasema: mvua ikiwa nyingi Ethiopia, udongo wa Ethiopia utakuja mwingi. Kigogo kilisema kinyume. Miaka ile ya zamani, wakati mvua ilikuwa nyingi hata Sahara ikawa na nyasi na viboko, alama ya Ethiopia katika tope ilikuwa hafifu zaidi. Mvua zilipoanza kupungua, alama ya Ethiopia ikazidi kupanda, mpaka ikafika kilele kati ya miaka 4,500 na 4,200 iliyopita, wakati wa ukame mkali.

Inakuwaje mvua ipungue na udongo uongezeke? Ndugu wakulima, nadhani wengine mmekwisha jijibu. Mvua ya kutosha ilipokuwa ikinyesha Ethiopia, milima ilivaa nyasi na miti. Tone la mvua liliangukia jani, maji yakashuka taratibu, mizizi ikashika udongo. Mvua ilipopungua, majani yalikufa na mlima ukabaki uchi. Mvua kidogo iliyobaki, ile ya kuja kwa kishindo wiki chache kwa mwaka, ilipiga ardhi tupu na kuibeba. Kwa hiyo mto ulikuwa na maji machache lakini tope zito. Hivyo ndivyo watafiti walivyoeleza.

Si wote waliokubali kwamba hayo ndiyo yote. Mwaka 2015 kundi jingine, lililofanya kazi kaskazini mwa Sudan kwenye mashamba ya kale ya watu wa Kerma, lilionyesha kwamba zamani za mvua vijito vya jangwani navyo vilikuwa hai na vilitia mtoni udongo wa Sahara. Vilipokauka, udongo wa Ethiopia ulibaki karibu peke yake. Ukiniuliza mimi, maelezo haya mawili hayagombani. Mlima mmoja ulikuwa ukivuliwa nguo wakati mto mwingine ukifa. Yote mawili ni kazi ya ukame ule ule.

Na ukame ule haukuwa wa mchezo. Karibu miaka 2,200 kabla ya Kristo, dola ya kwanza kubwa ya Misri, ile iliyojenga mapiramidi ya Giza, ilivunjika. Nchi ikagawanyika. Kuna kaburi la mtawala mmoja wa kusini, Ankhtifi, ambalo maandishi yake ukutani yanaeleza habari za njaa kali na jinsi alivyogawa nafaka. Kwa muda mrefu wanahistoria walibishana: je, njaa hiyo ilikuwa ya kweli au ni majigambo ya mkubwa anayejisifu kuwa mkarimu? Mwaka 2003, Stanley, Krom na wenzao walitoa ushahidi kutoka ardhini. Katika vigogo kadhaa vya delta walikuta utando mwembamba wa rangi nyekundu ya kutu, wa wakati huo huo, karibu miaka 4,200 iliyopita. Kutu ya chuma hutokea tope lililozoea kuwa majini linapoachwa wazi na kukauka. Na tope la wakati huo lilikuwa na alama ya strontiamu ya ukame. Maji yalikuwa yameshuka.

Tusivute kamba kupita kiasi. Ukame hauvunji serikali peke yake. Palikuwa na ugomvi wa wakubwa, na farao aliyetawala akiwa mzee mno, na magavana waliojitajirisha. Lakini mkulima wa Misri aliyengoja maji yajaze majaruba yake na hayakuja, hakuhitaji ugomvi wa wakubwa ili alale na njaa. Sasa tunajua kwamba hakusingiziwa.

Ziwa letu nalo lina sura yake katika habari hii. Uchunguzi wa sakafu ya Ziwa Victoria, uliotangazwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba katika kipindi cha ukame cha zama za barafu ziwa lilikauka. Pale Wakerewe wanapovua leo palikuwa nchi kavu. Kisha mvua zikarudi, ziwa likajaa. Lini hasa lilijaa hata likamwaga maji yake kuelekea Misri? Mwaka 2000, Michael Talbot na wenzake walijibu kwa strontiamu, safari hii si ya tope bali ya makombe ya konokono wa majini. Konokono hujenga nyumba yake kwa kalisi ya maji anamoishi, na strontiamu inaingia humo pamoja na kalisi. Makombe ya kale kutoka bonde la Naili Nyeupe huko Sudan yalionyesha alama ya maji ya maziwa ya Uganda. Hesabu ikaja kwamba kufikia karibu miaka 14,500 iliyopita, maji kutoka huku kwetu yalikuwa yamekwisha kufika kule. Kabla ya hapo, kwa maelfu ya miaka, Naili ilikosa mama mmoja.

Habari ya tope kusafiri mpaka Misri imekwisha siku hizi. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kuzuia maji mwaka 1964 na kukamilika mwaka 1970. Kabla yake mto ulibeba zaidi ya tani milioni 100 za udongo kwa mwaka. Ukitumia lori la tani 7, hizo ni safari zaidi ya milioni 14 kila mwaka. Sasa mzigo wote unaofika hapo unalala katika ziwa la bwawa. Mkulima wa delta amepata maji ya uhakika na mavuno mara mbili au tatu kwa mwaka, lakini ananunua mbolea, na pwani yake kule Rashid imeliwa na bahari kwa sababu hakuna tope jipya la kuijaza. Sudan nao wana kesi yao: bwawa la Khashm el-Girba kwenye Mto Atbara, lililojengwa mwaka 1964, lilipoteza karibu nusu ya nafasi yake kwa kujaa tope. Na Ethiopia yenyewe ilianza kujaza bwawa lake kubwa kwenye Naili ya Buluu mwaka 2020, karibu na mpaka wa Sudan. Udongo wa Gojjam na Wollo unaoingia mtoni sasa unaanza kutua humo kabla haujavuka mpaka. Kwa mkulima wa Gojjam haileti tofauti. Shambani kwake udongo ulikwisha ondoka.

Njia hii ya kupima imefika Tanzania pia. Ziwa Manyara limekuwa likijaa tope kwa kasi katika karne moja hivi iliyopita, na watu walilaumiana: wengine walisema ni mito ya nyanda za juu za Mbulu, wengine wakasema ni wafugaji wa upande wa mashariki. Watafiti walichukua tope la mito yote inayoingia ziwani, wakapima kemia ya kila mmoja, wakalinganisha na tope la kigogo kilichotolewa ziwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mto uliochangia zaidi kuliko mingine ulikuwa Makuyuni, unaotoka upande wa Monduli. Bonde lake lina malisho yaliyokanyagwa mpaka yakawa wazi, mashamba yaliyofunguliwa upya, na makorongo ambayo mengine ng'ombe hawezi kuyavuka.

Hapo ndipo kazi ilipohamia vijijini, kwa wafugaji na wakulima wa Monduli wenyewe, kukaa na wataalamu na kupanga ni malisho gani yapumzishwe na korongo lipi lizibwe kwanza.